Tuache Kuzika Nyembe za Wazee

Ndugu wasomaji, mimi nimekuja kubisha. Katika mkutano wa mwisho wa shirika letu tulikubaliana, karibu kwa sauti moja, kununua kabati la vioo la kuwekea vitu vya wazee: vibuyu vya maziwa, nyungo, vinu, na zile nyembe za kukunja ambazo babu zetu walinyolea ndevu. Nasema «karibu» kwa sababu kulikuwa na mkono mmoja uliokataa, na mkono huo ulikuwa wangu. Mwenyekiti alinijibu kwa upole kwamba kama nina neno, niliandike ndani ya kijitabu hiki. Basi neno lenyewe ndilo hili.

Juu ya vinu na vibuyu sina ugomvi na mtu. Nabisha juu ya wembe. Kibuyu ukikiweka kabatini kitakaa. Wembe ukiuweka kabatini na kutu yake, katika hewa hii yetu ya ziwani, miaka kumi haitapita kabla ya kubaki na unga mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Hilo nasema kama mwalimu wa kemia. Lakini hata kama kemia ingekuwa upande wa kabati, bado ningekataa, na chini nitaeleza juu ya nini.

Wembe ninaoujua vizuri ni wa babu yangu mzaa baba. Alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Kalundu wakati wa Wabelgiji, na aliununua Usumbura mwaka 1958, kabla mji ule haujaitwa Bujumbura. Kwenye shina la chuma kumechorwa neno Solingen. Ni mji wa Ujerumani wenye mafundi wa visu tangu karne nyingi, na tangu mwaka 1938 sheria ya nchi ile inakataza mtu kuandika jina hilo juu ya kisu au wembe usiotengenezwa kwao. Babu hakujua sheria hiyo. Alijua tu kwamba wembe ule ukinolewa vizuri unanyoa bila kuuma, na kwamba hakuna mtoto anayeugusa. Mimi niliugusa nikiwa na miaka saba, na alama bado iko kwenye kidole gumba.

Vita vya 1996 vilipita nyumbani na wembe ukabaki, kwa sababu waporaji walitafuta redio na magodoro. Walichoshindwa watu, maji yalikifanya. Usiku ule wa Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba na kuua watu wa mji wetu, sanduku la babu lililala chini ya matope. Tulilichimba siku ya tisa. Wembe ulikuwa mwekundu toka ncha hadi mkia, na mpini wake ulivunjika mkononi mwangu kama biskuti.

Ndugu zangu walisema nini? «Mwalimu, hii kitu iko na kutu mingi, haina tena kazi, tupa tu.» Nikawajibu kwamba kwa Kiswahili tupa ni pia chombo cha kulainishia chuma, na mimi nachagua hiyo tupa ya pili. Walicheka. Kusema kweli hata tupa yenyewe haifai kwa wembe, ni kali mno, lakini jibu lilikuwa zuri.

Sasa niwajibu wenzangu, nikianza na wale wanaosema «kutu ni historia, isiguswe». Wanasema hivyo kwa sababu wameona picha za majumba ya makumbusho ya Ulaya. Ndugu, kutu haijasimama. Ni kazi inayoendelea: chuma, maji na hewa vinakula pamoja, na chini ya ganda jekundu shimo linazidi kuingia. Shimo likifika kwenye makali, hapo makali yatamegeka kila ukinoa. Kuna weusi mwingine, ule wa kijivu unaokuja polepole juu ya chuma kilichotumika miaka mingi na kufutwa kila siku. Huo uacheni, haudhuru, na huo kweli ni historia. Mtu asiyejua kutofautisha mwekundu na mweusi asipewe ufunguo wa kabati.

Upande wa pili kuna ndugu zetu wa haraka. Mmoja wa jamaa zangu alikuwa na wembe mzuri kushinda wa babu. Aliupeleka kwa fundi mmoja wa kuunga vyuma, ambaye sitamtaja, na fundi akauweka kwenye jiwe la kuzunguka kwa umeme. Dakika tatu. Ulitoka unang'aa kama kioo, na karibu na makali kulikuwa na rangi nzuri ya bluu. Jamaa alifurahi. Mimi nilitaka kulia. Chuma cha wembe kina ugumu wake kwa sababu fundi wa kwanza alikipasha moto, akakizimisha ghafla, kisha akakirudishia joto kidogo kwa kipimo. Ukikifikisha kwenye joto la karibu digrii 300 kinageuka bluu, na ugumu umekwenda. Huwezi kuurudisha kwa kunoa. Wembe ule leo unang'aa, na hauwezi kukata hata ndevu za mvulana wa darasa la tano la sekondari.

Kazi ya kweli ni ya mkono na ni ya polepole. Siku mbili wembe ulilala ndani ya petroli ya taa. Halafu kipande cha msasa kilichozungushwa kwenye kizibo, mafuta kidogo, na kusugua kwa kufuata urefu wa chuma, toka mgongoni kuelekea makali, bila kurudi, kwa sababu anayerudi anaacha nyama ya kidole. Nilianza na msasa namba 400, nikapanda 600, 1000, mwisho 2000. Jioni kumi na moja. Mgongo wa wembe sikuugusa sana, na hapa ndipo mafundi wengi wanakosea. Mgongo si pambo. Wakati wa kunoa, mgongo na makali vyote viwili vinalala juu ya jiwe kwa wakati mmoja, na ni unene wa mgongo unaopanga pembe ya makali. Ukiupunguza upande mmoja ili ung'ae, umeharibu kipimo ambacho fundi wa Solingen alikuachia bure.

Jiwe lenyewe ni kisa kingine. Jiwe la asili linalosifiwa sana kwa nyembe ni lile la rangi ya krimu linaloitwa coticule, linalochimbwa katika milima ya Ardennes, huko Ubelgiji, nchi iliyotutawala hadi 1960. Babu alikuwa nalo, dogo kama kipande cha sabuni. Matope hayakulifanya kitu. Ukimaliza jiwe unapitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, mara thelathini, arobaini. Mtoto wa jirani alisimama dirishani akihesabu kwa sauti, akafika hamsini, akaniambia nimezidisha.

Nije kwenye mpini, maana hapo ndipo ugomvi wetu ulipopata moto.

Mpini wa wembe wa kukunja ni vibao viwili vyembamba, urefu kama sentimita 15, vinavyoshikwa na ribiti ndogo mbili au tatu. Kati yao, upande wa mkia, kunakaa kabari. Mpini wa babu ulikuwa wa seluloidi, moja ya plastiki za kwanza kabisa, iliyoanza kuuzwa Marekani karibu na mwaka 1870 ili kuiga pembe ya ndovu na gamba la kasa. Ni kitu kizuri kwa macho, lakini kinazeeka vibaya: kinatoa mvuke wa asidi, na mvuke huo unakula chuma kilichofungwa ndani yake. Wengi wenu mtafungua sanduku la mzee, mkute wembe umeoza mahali palepale unapogusana na mpini, mkasema ni unyevu. Si unyevu peke yake. Ni mpini unaoua wembe. Na kabati la vioo lililofungwa vizuri litautunza mvuke huo ndani, vizuri kabisa. Tena msiusogeze mpini wa namna hiyo karibu na moto, unawaka kama karatasi.

Kwa hiyo ulihitajika mpini mpya. Ndugu mmoja wa shirika, mtu ninayemheshimu, alisema mbele ya wote: «Tuwekee pembe ya ndovu, ndiyo heshima ya mzee, na mgeni akija atanunua kwa dola.» Nilishtuka. Kwanza, biashara ya pembe za ndovu kati ya mataifa imekatazwa tangu uamuzi wa 1989, na nchi yetu iko ndani ya mapatano hayo. Lakini si sheria iliyonishtua zaidi. Tunaishi Uvira. Burton na Speke walipofika hapa kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, wakitoka Ujiji, walikuta Uvira ni kituo cha mwisho cha wafanyabiashara kwenye kaskazini ya ziwa, na vitu vilivyonunuliwa hapa vilikuwa pembe na watu. Mtu alibebeshwa pembe hadi pwani, na akifika aliuzwa yeye pia. Kutoka Unguja pembe zilipanda meli, na mafundi wa visu wa Sheffield, Uingereza, walizikata vibao vya mipini, ya wembe pia. Ndiyo hiyo heshima tunayotaka kumrudishia mzee? Mabega yaliyobeba pembe zile yalikuwa ya watu wa huku.

Mimi nilichukua pembe ya ng'ombe. Iko bure. Nenda machinjioni asubuhi, utaikuta imelundikwa nyuma pamoja na kwato, mbwa wanaizunguka. Ng'ombe wetu wa Ruzizi na wa milimani wana pembe ndefu kushinda ng'ombe wa nchi nyingi, na tunazitupa! Halafu tunanunua vifungo na vitana vya plastiki vilivyopita Dar es Salaam na Kigoma kwa meli.

Niseme namna ya kufanya, maana maneno bila kazi ni kelele. Pembe ina mfupa ndani. Iloweke ndani ya ndoo ya maji wiki mbili au tatu, mbali na nyumba, maana inanuka kiasi cha kugombanisha mtu na mke wake. Mfupa utaachia. Kata ncha, ile isiyo na shimo, uitunze kwa kabari. Sehemu yenye shimo ipasue kwa urefu, kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Utapata vipande vilivyopinda. Pembe si mfupa: ni keratini, kitu kilekile cha kucha na nywele, na kikipata moto wa maji kinalegea. Ichemshe mpaka ikubali kukunjwa, itoe haraka, ibane kati ya mbao mbili ndani ya jiliwa, ukaze kidogo kidogo. Ukikaza kwa nguvu mara moja itapasuka, na mimi nilipasua tatu kabla ya kujifunza. Iache siku nne au tano ikauke ikiwa imebanwa. Baada ya hapo ni tupa na msasa, mpaka kibao kibaki na unene wa milimita tatu, na ufunge kitambaa puani, vumbi lake ni baya na linanuka nywele zilizoungua.

Ribiti nilizipata kwa waunga vyuma walewale niliowalaumu juu: kijiti chembamba cha shaba ya njano wanachotumia kuungia, milimita moja na nusu hivi. Unapita tundu, unaweka kiosha kidogo, unakata, unagonga kichwa kwa nyundo nyepesi, tapu, tapu, tapu, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Ukipiga kwa hasira pembe itapasuka. Kabari ya zamani ilikuwa ya risasi katika nyembe nyingi, chuma kizito na cha sumu. Mimi nimeweka ncha ya pembe. Kabari ndiyo inayopanga kama wembe utafunga katikati au utagonga ubavu, na nilifungua na kufunga mara nne kabla haijakaa. Mpini wa babu sasa ni mweusi wenye mistari ya manjano kama asali. Kibao kimoja ni kinene kuliko kingine kwa unene wa karatasi. Naujua upande wenyewe kwa kidole.

Kuna pingamizi moja ambalo sikulidharau. Kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, alisimama akauliza: «Mwalimu, huo wembe ni wa Wajerumani, jiwe la Wabelgiji. Mila yetu iko wapi hapo?» Swali zuri. Lakini neno wembe hatukulipata kwa Wajerumani. Ng'ambo ya Ruzizi wanasema urwembe, nasi wembe, ni neno la Kibantu la zamani, na wahunzi wa nchi hizi za maziwa walifua chuma miaka mingi kabla ya mzungu wa kwanza. Methali zetu zenyewe zimejaa wembe: mtoto akiulilia, mwenzako akinyolewa. Hatukupokea wembe kama watu wasiojua kunyoa. Tulipokea wembe mwingine, tukautumia kwa adabu zetu: nani anamnyoa nani, siku gani, nywele zinatupwa wapi. Na fundi wa zamani wa kwetu hakutupa jembe kwa sababu mpini umevunjika. Alikwenda kukata mti. Mila ninayoipigania ni ile safari ya kwenda kukata mti. Sisi tumeizoea sasa Bic, wembe wa kutupa ulioanza mwaka 1975, na tumeanza kufikiri kwamba kila kitu kinatengenezwa ili kitupwe, pamoja na vile ambavyo havikutengenezwa hivyo.

Sasa jambo gumu, ambalo mkutano ulilikwepa. Wako wazee wetu, wamama hasa, waliokubali kabati kwa sharti moja: kwamba wembe utoke siku ya kuondoa kilio ili kunyolea wafiwa, kama zamani, wembe mmoja kwa vichwa vyote. Hapo nasema hapana, na nimeisema hapana hiyo nyumbani kwetu kabla ya kuiandika.

Mwaka 2023 tulimaliza matanga ya bibi. Wafiwa kumi na wawili walikaa kwenye mkeka, na shangazi yangu mkubwa akaniomba wembe wa baba yake, ambao mimi ndiye niliyeufufua. Nilikataa mbele ya watu. Nilieleza: damu kidogo isiyoonekana inatosha, sida iko, na homa ya ini aina ya B ni mbaya zaidi kwa jambo hili, kwa sababu kirusi chake kinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu siku saba. Shangazi akasema tuuchemshe. Nikamwambia maji ya moto yatakunja mpini wa pembe, ndivyo nilivyounyoosha mimi mwenyewe. Tutie javeli? Javeli itakula makali. Wembe wa namna hii ukiusafisha kama vyombo vya hospitali, unauharibu, na usipousafisha hivyo unabeba ugonjwa. Ni wembe wa mtu mmoja. Babu mwenyewe hakumwazima mtu.

Shangazi aliniuliza: «Kwa hiyo mutoto wangu, unataka kukata kamba kati yetu na marehemu?» Sikuwa na jibu la kemia kwa swali hilo. Nilituma mtoto dukani kuleta nyembe mpya kumi na mbili, kila kichwa na wa kwake, na wembe wa babu tuliuweka wazi ndani ya ungo, pembeni ya maji, ukitazama. Kazi ilifanyika. Wengine walisema imefanyika nusu. Shangazi hakunisemesha miezi miwili, na kila Jumapili nilipokwenda kumsalimu alimtuma mjukuu kuniambia amelala.

Kwa hiyo ombi langu kwa shirika ni hili, na naliandika ili liingie katika kumbukumbu. Pesa za kabati la vioo zinunue jiliwa moja, msumeno, keekee ya mkono, msasa wa namba zote na jiwe zuri la kunolea. Chumba tunacho. Jumamosi mimi niko huru, na wanafunzi wangu wanne tayari wanajua kunyoosha pembe. Mmoja wao, msichana, ana mkono mwepesi kunishinda. Kila nyumba yenye wembe wa mzee iulete, tuutengeneze pamoja na mwenyewe akiwepo, kisha aende nao. Anayetaka kunyoa ndevu zake anyoe, anayetaka kuuweka ndani ya ungo siku ya kilio auweke. Asiyekuwa na mtu wa kuutunza ndiye auache kwetu, na hata huo utafutwa mafuta kila mwezi, kwa zamu, na zamu ya kwanza naichukua mimi.

Juma lililopita mjukuu wa shangazi alifika nyumbani na kitu kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Hakuwa na barua. Ndani kulikuwa na wembe wa marehemu mume wake, kibao kimoja cha mpini kimevunjika, chuma bado kizima, na kutu kidogo tu karibu na shina. Nimeshaloweka pembe. Ndoo iko nyuma ya choo, na mke wangu ameuliza mara mbili itakaa pale mpaka lini.